Sura ya Sita: Jana Alikuwa Mzima

Kila daktari anayetibu ndege ameisikia kauli hii mara nyingi: jana alikuwa mzima kabisa, leo asubuhi tumemkuta chini ya tundu. Anayeisema hasemi uongo. Jana alimwona baji wake kijitini, akamsikia akilia, akaona kibakuli cha chakula kimejaa, akaridhika. Lakini baji, yule kasuku mdogo wa Australia mwenye milia kichwani na mgongoni, anaweza kukaa kijitini, akalia na akachezea chakula huku ugonjwa ukiwa umemwanza wiki kadhaa nyuma. Vifo vya ghafla kwelikweli vipo, nami nitavitaja, ila ni vichache. Vilivyo vingi vilichukua muda mrefu, tena mbele ya macho ya watu wanaompenda ndege huyo.

Chukua kibakuli chenyewe. Baji hamezi mbegu nzima. Huumenya ulezi au uwele kwa mdomo, akala kiini na kuliacha ganda palepale. Kibakuli kilichojaa maganda, ukikitazama kwa mbali, huwezi kukitofautisha na kilichojaa chakula. Wapo baji waliokufa njaa kwa sababu hiyo tu. Wapo pia waliokwisha kuacha kula bila mwenyewe kutambua, maana ndege mgonjwa huendelea kuchakura mbegu na kuzigeuza mdomoni bila kumeza chochote. Kila asubuhi kipulize kibakuli: maganda yataruka, mbegu zitabaki, nawe utajua ameshakula kiasi gani.

Tabia hii ya kuficha udhaifu haikuanzia tunduni. Asili ya baji ni nyanda kame za ndani ya Australia, ambako huishi kwa makundi makubwa yanayofuata mvua na mbegu za nyasi. Kozi anapolivamia kundi hushindwa kuchagua wa kumkamata kati ya mamia wanaogeuka kwa pamoja. Anayeponza nafsi yake ni yule anayeruka tofauti, anayechelewa, anayelegea. John Gould alipowapeleka baji hai Uingereza mwaka 1840 aliwapeleka na silika hiyo. Vizazi vingi vya kufugwa vimewapa rangi za buluu, njano na nyeupe ambazo porini ni nadra kuzikuta, lakini ukimkaribia baji mgonjwa bado atajinyoosha, atabana manyoya na kukodoa macho kana kwamba wewe ndiye kozi.

Kwa hiyo usimchunguze ukiwa umeinama juu ya tundu. Simama mlangoni, au kaa upande wa pili wa sebule ukijifanya una shughuli nyingine, umtazame kwa dakika kadhaa bila yeye kujua. Ukiona jambo lisilo la kawaida, lirekodi kwa simu. Kwenye meza ya daktari ndege huyohuyo ataonekana mzima kuliko alivyokuwa nyumbani, na ile video fupi itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Jambo la pili linalofanya kuchelewa kuwe na gharama kubwa ni udogo wa mwili. Baji wa kawaida ana uzito wa gramu 30 hadi 40. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, na kulitunza joto hilo katika mwili mdogo namna ile kunadai chakula mara kwa mara mchana kutwa. Hana akiba. Mtu mwenye homa akikosa hamu ya kula siku mbili tunampikia uji na kusubiri. Baji asiyekula kutwa nzima yumo hatarini tayari. Damu yake yote haifiki ujazo wa kijiko cha chai, kwa hiyo matone machache yaliyotoka kwenye unyoya mchanga uliovunjika, ambayo kwa paka yangekuwa si kitu, kwake ni hasara ya kweli.

Ili uone kilichoharibika ni lazima uwe unakijua kizima. Baji mwenye afya hulala mchana pia, na hilo huwatisha bure wafugaji wapya. Lakini hulala kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja tumboni, kichwa amekigeuza na kukichomeka mgongoni, na sauti ndogo tu inamwamsha. Mgonjwa husinzia kwa miguu yote miwili, amejikunyata, manyoya yamefura, macho nusu yamefungwa, saa ambazo wenzake wanapiga kelele. Kufura peke yake si ugonjwa. Akitoka kuoga, au asubuhi ya Julai kule Iringa, kila baji hufura. Tazama kama baada ya saa moja, jua likishapanda, bado yuko vilevile. Tazama na mkia. Ndege aliyetulia hapumui kwa namna inayoonekana, basi ukiona mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, au mdomo uko wazi wakati hajaruka wala hakuna joto kali, jua kwamba anapigania hewa.

Kifaa chenye faida kuliko vyote ni mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Mpime kila wiki asubuhi kabla hajala, ndani ya kiboksi kidogo kilichopimwa kwanza kikiwa kitupu, na uandike. Manyoya hudanganya sana. Baji aliyekonda huyafurisha akaonekana mnene. Aliyekuwa na gramu 36 akasoma 32 ameshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo ni pa kumwita daktari hata kama anaimba. Asiye na mizani apapase kifua kwa ncha ya kidole. Mfupa wa kidari unapaswa kuhisika katikati ya nyama iliyojaa pande zote mbili. Ukihisi mfupa umechongoka na pembeni pamebonyea, ndege amekwisha kula nyama yake mwenyewe.

Sasa kinyesi. Najua wapo watakaotaka kukiruka kifungu hiki, lakini hakuna sehemu ya baji inayosema ukweli kama hiyo. Weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi chini ya tundu na uibadilishe kila siku. Baji mzima hunya mara 40 au zaidi kwa siku, vitone vidogo, na kila kitone kina sehemu tatu: kikunjo cha kijani au kahawia, ambacho ni mabaki ya chakula, chokaa nyeupe, ambayo ni sehemu nzito ya mkojo, na unyevu usio na rangi uliozunguka. Akila tango au mchicha unyevu huongezeka, na akiogopa vilevile. Jike anayetaga hutoa kitone kikubwa asubuhi. Hayo yote ni ya kawaida.

Yasiyo ya kawaida ni haya. Ile chokaa nyeupe ikigeuka njano au kijani, ini limo mashakani. Kikunjo kikiwa cheusi na kinanata kama lami, huenda damu inavuja juu, tumboni. Ikiwa nyekundu mbichi, inavuja karibu na njia ya kutokea. Vitone vikipungua, vikawa vidogo na kijani kibichi, hakuna chakula kinachoshuka, unachokiona ni nyongo. Na ukikuta mbegu zimetoka nzima bila kusagwa, tumbo limeshindwa kazi.

Hilo la mwisho nataka tulikalie kidogo, kwa sababu linaonyesha jinsi dawa ya kubahatisha inavyoua. Kuna baji anayekula kutwa, anashinda kibakulini, na bado anakonda wiki baada ya wiki. Mara nyingi kinachomla ni kiumbe kidogo kinachoishi tumboni, Macrorhabdus ornithogaster. Kwa miaka mingi kilidhaniwa ni bakteria mkubwa, na ugonjwa ukapewa jina kwa kosa hilo, mpaka uchunguzi ulipoonyesha kwamba ni aina ya fangasi. Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Antibayotiki haziui fangasi. Mfugaji anayekwenda duka la dawa za mifugo akanunua unga wa kuku na kuukoroga kwenye maji ya baji huyu hatibu chochote. Anawaua bakteria wema waliokuwa wakiishi na ndege na kumwachia fangasi uwanja. Daktari huchukua kinyesi kibichi, akakitazama kwa hadubini, na kama vijidudu hivyo vinatoka siku hiyo ataviona hapohapo, kisha atoe dawa ya fangasi. Visipoonekana mara ya kwanza atakuomba urudi na kinyesi kingine, maana havitoki kila siku.

Unga wa majini una kasoro nyingine ambayo muuzaji hakuambii. Baji ni ndege wa jangwani, hunywa maji kidogo mno. Akiumwa hunywa kidogo zaidi, na maji yakibadilika ladha anaweza kuyasusa kabisa. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kimepangwa kwa kuku anayekunywa kwa fujo. Ndivyo ilivyo pia kwa pilipili kichaa na shubiri mwitu ambazo wengi wetu tumeona bibi zetu wakiwapa kuku wakati wa mdondo. Sibishani na bibi yeyote kuhusu kuku wake, lakini baji usimpe.

Juu ya mdomo wa baji pana ngozi laini yenye vitundu vya pua. Kwa dume mzima wa rangi nyingi huwa buluu. Kwa jike huwa kahawia, au buluu iliyopauka akiwa hatagi. Watu huitumia kutofautisha dume na jike, kisha wakaisahau. Msiisahau. Dume ambaye miaka yote alikuwa na pua ya buluu, ikaanza kuwa kahawia na kukauka, yaelekea ana uvimbe kwenye korodani unaomwaga homoni za kike mwilini. Korodani za ndege ziko ndani ya tumbo, karibu na figo, na mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni hupita hapohapo kwenye figo. Uvimbe ukikua huibana. Ndipo baji anapoanza kuchechemea mguu mmoja, vidole vinalegea, anashindwa kushika kijiti. Mwenye ndege husema alianguka, au alinasa kucha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mguu uliolegea bila jeraha, hasa ukifuatana na pua iliyobadilika, unatakiwa kutazamwa kwa eksirei na si kufungwa kijiti. Baji ni miongoni mwa ndege wa kufugwa wanaopata uvimbe kwa wingi, na kwa huu wa korodani sitakuficha: mara nyingi kinachowezekana ni kupunguza kasi yake kwa dawa na kumwondolea ndege maumivu. Ila mwenye kujua hilo mapema anapata miezi ya kumtunza vizuri, akamshushia vijiti na kumwekea chakula anapofikia.

Watu wa nyanda za juu wanaijua rovu. Baji naye huipata, kwa sababu ileile ya kukosa madini joto, hasa anapolishwa mbegu kavu tupu mwaka hadi mwaka. Tofauti ni kwamba tezi ya baji iko chini, kwenye mlango wa kifua, hivyo hutaona shingo imevimba. Utasikia: sauti inabadilika, kila pumzi inatoa mlio mwembamba kama wa filimbi, hasa akitoka kuruka. Baadaye anacheua chakula, kwa kuwa tezi imebana njia. Usimpe chumvi ya madini joto, chumvi itamdhuru. Daktari ana matone ya aidini, yaani madini joto hayohayo, yenye kipimo, na ugonjwa huu, ukiwahiwa, hupona vizuri mpaka mtu akashangaa.

Kucheua kwenyewe kuna namna mbili. Dume anayemtongoza mwenzake, au kioo, hutikisa kichwa juu na chini, akatoa mbegu mdomoni na kuzipaka kwenye kioo kwa mapenzi yote, kisha akaimba. Huyo mwache. Anayetapika hutupa kichwa kushoto na kulia, ute unaruka kwenye waya, na manyoya ya utosini yanashikana kwa unyevu. Hapo huenda gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, lina maambukizi, na siku si nyingi.

Ukurutu mweupe kuzunguka mdomo, wenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, ni kazi ya utitiri anayechimba ngozi. Unatisha kuutazama kuliko ulivyo. Daktari ana tone la kumaliza. Usiupake mafuta ya taa.

Jike hutaga hata asipokuwa na dume, na yai linaweza kukwama. Ukimkuta amekaa chini ya tundu, tumbo limejaa, anajikamua, mkia unapiga na miguu imelegea, usingoje kesho. Mweke mahali pa joto penye mvuke kidogo huku ukitafuta usafiri. Usilikamue yai kwa vidole. Likipasukia ndani umemmaliza. Ukosefu wa kalsiamu ndio chanzo kimojawapo kikubwa, na mtu wa pwani hana udhuru, mfupa wa ngisi unaokotwa ufukweni bure. Uchemshe, uukaushe, uufunge kwenye waya.

Nilisema vifo vya ghafla vipo. Karibu vyote vinatoka hewani au kwenye mdomo wa ndege mwenyewe. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa, na hewa hupita ndani yake kwa mkondo mmoja bila kurudi nyuma, hivyo oksijeni huingia kwa wingi na sumu nayo huingia hivyohivyo. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo mpaka mwaka 1986. Kikaango kisichogandisha chakula, chenye utando wa Teflon au wa aina hiyo, kikisahauliwa motoni bila kitu hutoa mvuke ambao binadamu hausikii na baji humuua kwa dakika chache akiwa chumba cha pili. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani msimu wa baridi, dawa ya mbu ya kupuliza, udi mwingi kwenye chumba kilichofungwa: vyote hivi vimpite mbali. Na parachichi, tunda ambalo kila mtu hapa anadhani ni zuri kwa kila kiumbe, kwa baji ni sumu ya moyo.

Waya nao. Matundu mengi yetu yanachomelewa na mafundi wa mitaani kwa waya uliopakwa zinki, na baji hutafuna waya. Zinki ikimwingia analegea, kinyesi kinakuwa maji, mwishowe anatetemeka na kushikwa na degedege. Tundu jipya lisuguliwe kwa brashi na siki, lisuuzwe, liachwe likauke, na vile vidonge vya bati vinavyoning'inia kwenye viungo viondolewe. Ukienda kwa daktari, mwambie tundu ni la waya gani. Hatalifikiria asipoambiwa.

Upo ugonjwa mmoja wa baji unaohusu na familia nzima, homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci. Ulimwengu uliutambua kwa kishindo majira ya baridi ya 1929 na 1930, kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini walipoeneza homa kali ya mapafu katika nchi kadhaa. Marekani hofu ilipanda kiasi kwamba tarehe 24 Januari 1930 Rais Herbert Hoover alipiga marufuku kuingiza kasuku nchini. Daktari wa serikali Charles Armstrong, aliyekuwa akiuchunguza maabara huko Washington, aliugua mwenyewe akapona. Msaidizi wake alifariki. Ikadhaniwa kwamba kufunga bandari kumemaliza kazi. Kisha Karl F. Meyer, mtafiti wa San Francisco, akagundua kwamba baji waliokuwa wakizalishwa na wafugaji wadogo uani kwao California walikuwa na vimelea hivyo, wengi wakionekana wazima kabisa.

Kwa ndege mwenyewe dalili hazina sura maalumu: kufura, kukonda, macho na pua kutoa majimaji, chokaa ya kinyesi kuwa kijani. Kwa binadamu ni homa, kichwa kuuma sana, kikohozi kikavu. Hapa kwetu mtu mwenye homa hupimwa malaria na taifodi kwanza, na ni sawa, lakini ukiwa na ndege mgonjwa nyumbani mtajie daktari wako habari zake bila kuona haya. Dawa ipo na inafanya kazi kwa mtu na kwa ndege, isipokuwa ya ndege huchukua siku 45, na anayeikatisha kwa sababu ndege ameanza kuimba atarudi mwanzo. Karatasi ya tunduni iloweshe maji kabla ya kuikunja ili vumbi lisiruke. Mjamzito na mzee mwenye pumu wasipewe kazi hiyo.

Ukishaamua ndege anaumwa, kazi yako ya kwanza ni joto. Mtoe kwenye kundi, mweke kwenye tundu dogo lililofunikwa pande tatu kwa kitambaa, mahali patulivu penye nyuzi 28 hadi 30. Arusha au Nairobi utahitaji balbu ya kizamani nje ya tundu, upande mmoja tu ili aweze kuikimbia, au chupa ya maji moto iliyoviringishwa taulo. Dar es Salaam mwezi wa Januari huhitaji chochote, mwondoe tu mbele ya feni. Akihema mdomo wazi na kuachia mabawa mbali na mwili, joto limezidi. Chakula na maji viwe chini, karibu na mdomo wake. Usimnyweshe kwa bomba la sindano. Maji yataingia mapafuni. Ukimshika, mshike kwa kichwa na ukiache kifua huru, kwa sababu ndege hana kiwambo kama chetu, hupumua kwa kuinua kidari, na kiganja kinachombana kwa huruma kinamnyonga. Joto si tiba. Linampa saa chache za kufika kwa daktari, na wengi huharibu hapa: ndege anachangamka akiwa motomoto, wanaahirisha safari.

Daktari yupi? Madaktari wa ndege wa kufugwa peke yao ni wachache mno kwetu, na kuna watu wanaotumia hilo kama sababu ya kutokwenda popote. Mimi sikubaliani nao. Vyuo vyetu vya udaktari wa wanyama, Sokoine pale Morogoro, Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere kule Kampala, vyote vinafundisha magonjwa ya kuku, na anayelijua gole, vifuko vya hewa na ini la kuku yuko mbele sana ya muuza duka. Unachotafuta ni daktari anayekubali kujifunza ndege mdogo. Piga simu kabla.

"Shikamoo daktari. Nina baji, amefura tangu asubuhi na hali."

"Marahaba mama. Ana uzito gani?"

Swali hilo likija la kwanza, au la pili, umefika pazuri. Kwa mwili wa gramu 35 dawa hupimwa kwa sehemu za mililita, na tone moja la ziada ni sumu. Asiyemweka ndege kwenye mizani kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano, mshukuru, lipa cha kumwona, ondoka. Uliza pia kama wana hadubini. Nenda na karatasi ya tunduni ya siku hiyo bila kuisafisha, daftari la uzito, video, na mfuko wa mbegu anazokula, maana zikiwa na ukungu daktari atataka kuzinusa. Mbebe kwenye kiboksi chenye matundu ya hewa na kitambaa chini, kijiti kitoe asije akaanguka kwenye daladala.

Halafu kuna habari ya fedha, ambayo kila mtu anaifikiria na wachache wanaisema. Ada ya kumwona daktari inaweza kuzidi bei ya baji mwenyewe dukani, na wapo watakaokucheka. Bei ya dukani haihusiani na lolote. Ndege huyu amekwisha kuwa mikononi mwako na hana pengine pa kwenda. Lakini pia si kila mtu anazo, na si kila ugonjwa unatibika. Mwambie daktari waziwazi una kiasi gani na umuulize angefanya nini kama ndege angekuwa wake. Daktari mzuri hatakwepa swali hilo, na ikibidi atamlaza ndege moja kwa moja bila maumivu. Kumwacha siku tatu akihema sakafuni kwa kuwa ni wa bei ndogo ndilo jambo lisilo na utetezi.

Akifa kabla hujafika, safari bado ina maana kama ana wenzake. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mweke kwenye friji pale pa kawaida na si kwenye barafu, kwa sababu kuganda huharibu viungo, umfikishe kwa daktari ndani ya siku moja au mbili. Uchunguzi wa mzoga unaweza pia kuombwa kupitia kwake kwenye maabara za serikali. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye makao Temeke. Waambie ni ndege wangapi walikuwa tundu moja naye, na nani aliingia mwisho. Mara nyingi aliyeingia mwisho ndiye aliyeuleta ugonjwa, naye hana dalili yoyote. Baji mpya akae chumba chake peke yake siku 30 hadi 45, apimwe uzito na kinyesi chake kitazamwe, na wewe umhudumie mwisho, baada ya wale wa zamani.